Neno Nililomcheleweshea Arap Bii

Niliondoka nyumbani, kando ya mashamba ya chai ya Kericho, kwa sababu nilikataa kutia sahihi. Mchungaji wetu aliniletea barua iliyosema kwamba Arap Bii, ambaye nilifundisha naye shule moja kwa miaka ishirini na tatu, ameokoka akiwa mgonjwa. Barua iliomba kanisa la kwao Chebunyo limzike siku yake ikifika. Nilimuuliza nani aliyesikia ungamo hilo. Alisema ameambiwa na mama mmoja wa kwaya, naye mama huyo aliambiwa na mtu wa hospitali. Nikamrudishia kalamu yake.

Alipokwenda, swali lilinigeukia mimi. Mimi mzee wa kanisa, nilikuwa nimemwambia Arap Bii nini kuhusu imani yangu? Sikuwa nimemwambia neno. Tulitahiriwa pamoja, tukakaa menjo moja, yaani kibanda kimoja cha jando, na watu wa menjo moja hutaniana hadi uzeeni. Anayemhubiria mwenzake huonekana amejifanya baba yake. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nikiitoa. Ilikuwapo nyingine, nami nitaieleza mahali pake.

Jumanne, saa mbili asubuhi, jirani aliyekuwa akipeleka ndama Kaplong alinipakia katika pikapu yake. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga siku iliyotangulia, na chai ilisimama imechanika ekari baada ya ekari. Nyumba za wachumaji zilikuwa tupu, kwa kuwa sasa mashine ndizo zinazochuma. Jirani alizungumzia bei ya ndama. Mimi nilijibu kwa kichwa tu.

Saa nne nilifika hospitalini Kaplong, nikaambiwa Arap Bii hayupo. Muuguzi alinieleza bila kuzunguka kwamba matibabu yalikuwa yamefika mwisho, na mgonjwa aliomba kurudishwa bomani kwake siku mbili zilizopita.

Kutoka Kaplong nilichukua pikipiki. Tulipoipita Ndanai chai ilikwisha kabisa. Ikabaki mahindi yaliyonyauka, kisha malisho makavu na ng'ombe waliokonda. Nilijaribu kupanga maneno nitakayosema. Mimi niliyewafundisha wengine insha sikupata hata sentensi ya kwanza. Mara mbili nilitaka kumwambia dereva ageuze, na mara zote mbili kilichonizuia ni aibu ya kutoa sababu.

Saa saba mchana nilikuwa Chebunyo. Mke wake, Mama Wesley, alinipokea kwa maziwa ya kibuyu, mursik, akanionya kwamba mzee huchoka upesi. Arap Bii alikuwa amelazwa sebuleni, karibu na dirisha, amebaki mifupa. Macho tu ndiyo yalikuwa yake.

"Umekuja kuniona ama kupima kaburi?" aliniuliza.

"Nimekuja kuhakikisha. Kericho wanasema umeokoka."

"Na wewe ukaamini?"

"Ningeamini, ningekuja?"

Alicheka hadi kikohozi kikamshika, na Mama Wesley akampangusa damu mdomoni. Alipopata pumzi alinieleza kwamba kuna mtu aliyeingia wodini kuomba, naye akaitikia amina ili mtu huyo aende zake. Ungamo lote lilikuwa hilo. Kisha akasema nimekuwa mzee wa kanisa mwenye tumbo la chifu. Nilikuwa na jibu la utani tayari. Sikulitoa. Nilivuta kiti, nikamwambia kuna jambo nililomficha.

Nilimkumbusha yule msichana wa darasa la sita aliyeacha kusikia kwa sikio la kushoto, ambaye shule nzima iliambiwa ni ugonjwa. Nilimwambia haukuwa ugonjwa. Mimi ndiye niliyempiga kofi kwa sababu ya hesabu aliyokosa, na mtoto aliogopa kunitaja. Nilikaa na jambo hilo muhula mzima. Mwishowe nilikwenda kwa baba yake, mchuma chai aliyetoka Gusii, nikamkuta akikausha buti zake jikoni, nikamwambia ni mimi. Hapo ndipo imani yangu ilipoanza, wala siwezi kuisimulia bila kofi lile. Ndiyo maana sikuwahi kuisimulia.

Arap Bii alinigeukia. "Huyo baba alikuambia nini?"

"Alisema alijua mtoto amepigwa, na alikuwa ameshanisamehe kabla sijafika, ila hakujua anamsamehe nani. Alisema hata yeye alisamehewa na Kristo kabla hajaomba."

"Mimi nilikuwa darasa la jirani siku hiyo," alisema. "Kofi nililisikia. Kisha kila asubuhi nakuona kwenye gwaride la shule ukiombea watoto. Nikasema, Mungu wa huyu kazi yake ni kufunika. Sikumtaka." Alipumua. "Lakini kwamba ulienda kwa huyo mzee, hiyo sikujua. Hiyo ndiyo ungeniambia nikiwa na nguvu ya kufikiri."

Nilimwomba msamaha. Alifumba macho, nikadhani amelala, kisha akasema: "Endelea basi." Nikaendelea, kwa sauti ya chini, nikimweleza habari za Kristo kama ninavyozijua, mpaka usingizi ulipomchukua kweli.

Saa kumi nilianza kurudi. Mama Wesley alinisindikiza hadi barabarani, akaniuliza amwambie nini mchungaji wao. Nilimjibu amwambie yaliyosemwa, asiongeze.

Alhamisi Arap Bii alifariki. Wapo wanaosema aliomba mwishoni. Mimi sikuwapo, sijui, na kutojua huko ni kuzito kuliko nilivyotazamia. Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba nilijisifu maisha yangu yote kwa kutosema nisichokishuhudia, huku nikinyamazia kile nilichokishuhudia kwa macho yangu, na woga huo nikauita uangalifu.

Wa menjo yetu tumebaki wawili. Leo asubuhi nilitembea hadi kwa Arap Chumo, ng'ambo ya kijito. Alianza kunitania nikiwa bado langoni, kuhusu fimbo yangu na mwendo wangu. Nilimwacha amalize. Kisha nikaketi, nikaanza na kofi.