Pengo kwenye Chungu cha Mama

Bibi yangu Rowena amefinyanga vyungu hapa kijijini kwetu Zuni kwa miaka hamsini. Kila mstari anaouzungusha shingoni mwa chungu huuachia pengo dogo, maana mfinyanzi akiliziba amejifungia njia ya uhai.

Juzi mgeni kutoka makumbusho alituletea picha ya zamani: mwanamke kajitwika chungu, uso umefifia.

"Huyo mama yangu," Bibi akasema. "Chungu hicho alikifinyanga mwenyewe. Pengo kaliziba nani?"

"Mpiga picha," mgeni akajibu. "Aliukamilisha mstari kwa wino juu ya picha, mwaka 1956."

"Aliukamilisha! Mikono ilikuwa inamwasha?"

Bibi akaanza kuukwangua wino kwa ukucha.

"Mama, unaiharibu picha!" mgeni akapaza sauti.

"Mwaka huohuo tulimzika," Bibi akasema, akaendelea kukwangua.