Mgongo wa Gauni

Enzi zetu sisi wasichana wa Kapata, jarida la mitindo lilikuwa moja kwa mtaa mzima. Lilitufikia limeshachakaa, kurasa zikinuka mawese, na kila nyumba ilikaa nalo siku mbili. Humo ndimo tulimojifunza mabega ya puto, mikanda mipana na sketi za mikunjo. Shida ilikuwa moja: picha zilionyesha mbele tu. Mgongo kila mtu alijibunia.

Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule nilee wadogo zangu watatu. Bea, anayenifuata, aliyeniita yaya kama wadogo wote kwetu wanavyomwita dada mkubwa, alikuwa anamaliza shule ya msingi. Wiki moja kabla ya matokeo kusomwa mbele ya wazazi wote, akagoma kwa sababu ya gauni lake lililopasuka.

"Yaya, mi siendi. Na hii robe ya kupasuka? Batanicheka."

"Utaenda. Hata na gunia, utaenda."

Nikafungua sanduku, nikatoa kikwembe, kitenge cha mwisho cha mama, nikalitandaza jarida mezani, nikakata. Mkasi ulipoingia, Bea alilia, mimi nilijizuia. Mbele ikatoka sawasawa na picha. Kufika mgongoni, kitambaa kikaisha. Nikavisuka vile vipande vilivyobaki kama nywele, toka shingoni hadi kiunoni, nikiomba Mungu Bea asigeuke.

Nilisahau kwamba mtoto akiitwa huenda mbele kwa mkurugenzi wa shule, na wazazi hubaki wakiutazama mgongo wake.

"Bea, wa pili!" mkurugenzi akaita.

Akapita. Nikainamisha kichwa.

"Ee, ile mugongo!" mwanamke mmoja akasema nyuma yangu. "Ilitoka mu jarida gani?"

"Jarida gani? Si yaya yake huyu alishona," jirani yetu akamjibu.

Yule mwanamke akanigusa bega. "Mama, na mi utanishonea lini?"

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ndiyo mara ya kwanza kuitwa mama, na tangu siku hiyo cherehani imetulisha.

Leo Bea anafundisha shule huko Fungurume. Wasichana wa siku hizi wana mitindo elfu ndani ya simu, wanaligeuza gauni kwa kidole mpaka waone pindo la ndani, na bado wanamaliza wiki nzima hawajachagua! Jarida letu sijui liliishia wapi; natamani kulinusa tena mara moja.

Juzi binti wa Bea aliniletea simu yake, gauni linazunguka, mbele na nyuma. Nikaanza kuchora kama nilivyoona. Akauziba mgongo kwa kiganja.

"Hapa hapana, mama mukubwa. Hapa weka ya kwako."