Uzi wa Sufu Kutoka Dar hadi London

Siku hizi mtoto akienda Ulaya wazazi wake huifuatilia ndege kwenye simu kama watazamao mpira, lakini miaka ile ya foleni za sukari msafiri alisindikizwa kwa miguu, na mama yake akamnyunyizia maziwa mgongoni. Asiyenyunyiziwa alihesabiwa kuwa ametoroka. Nani anayekumbuka hayo leo?

Teodori wa Maisaka, baba yake Melkiadi, hakupita darasa la nne, lakini alikuwa na atlasi, na watu walimheshimu. Mwaka 1983 jirani zake, Fabiani na mkewe Mektilda, walimwendea. Binti yao Hilaria, aliyekuwa Dar, alipata nafasi ya kusomea uuguzi London. Lori la parokia lilikuwa linashuka Dar, na padri aliwawekea viti viwili wakamsindikize.

"Baba Melkiadi," Mektilda aliuliza, "huko London ni mbali gani?"

Teodori alitandaza ramani ya dunia, akavuta uzi wa sufu kutoka mji hadi mji, akaupima kwa rula.

"Kilomita elfu saba na mia tano. Kwa ndege, saa tisa na ushee."

"Saa tisa!" Fabiani alicheka. "Mimi kwenda Mbulu tu nalala njiani."

Sifa zikampanda Teodori kichwani. Akaongeza asiloulizwa: "Tena uzi umepita hapa hapa Babati. Kwa nini mteseke kwenye lori? Ndege ikiondoka saa mbili asubuhi, kabla ya saa nne iko juu ya Singe. Mnyunyizieni mkiwa nyumbani."

Wakamwamini. Viti wakawaachia wengine.

Siku ya safari ukoo mzima ulipanda kilima cha Singe, Mektilda mbele na kibuyu chake. Saa nne ikapita. Juu walizunguka mwewe tu.

"Labda nayo iko foleni ya mafuta," Yoakimu, shemeji yao, alisema. Watu wakaangua kicheko. Mektilda hakucheka. Alikaza macho angani mpaka jua la utosi, maziwa yakachachia kwenye kibuyu.

Usiku ule Teodori alipima upya kwa uzi mwembamba wa cherehani. Ulipita mbali, mashariki ya Babati. Ule wa sufu ulikuwa mnene mno. Ulifunika nusu ya mkoa.

Lori liliporudi, dereva Damiani alimwambia Mektilda, Teodori akisikia: "Binti alikuja kutulaki. Alitazama ndani ya lori, akauliza, 'Mama yuko wapi?'"

Hilaria hakurudi tena Babati. Ukoo ukasema ametoroka, na Teodori, aliyejua kosa ni la uzi wake, akawaacha waseme.

Mara ya mwisho aliwaona Fabiani na mkewe stendi, wakihamia Mbulu na magunia yao. Fabiani alimwona kutoka juu ya lori, akavua kofia.

"Baba Melkiadi! Hata kwaheri hutupi?"

Teodori aliinama upesi, kama mtu anayefunga kamba za viatu, na miguuni alivaa makatambuga yasiyo na kamba. Hakuinuka mpaka vumbi la lori lilipotulia.