Tangi Lililojaa Kwenye Skrini

Kitu cha kwanza ambacho mtu angekiona kwa Fundi Kiganja ni ule mkono wake wa kulia. Kila alipopita kwenye korido, mkono ulipapasa ukuta na kugusa mabomba, kama mama anayepima homa ya mwanawe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunzaji wa jengo lile la ghorofa saba. Bomba likiwa baridi, alijua maji yanapita. Likipata uvuguvugu, alikwenda kuwasha pampu.

Meneja mpya aliona aibu.

"Jengo la kisasa halipapaswi," alisema. "Linajieleza lenyewe."

Basi zikaja kamera kila kona, na vihisi vya kila namna. Taa zikafundishwa kujizima zisipoona mtu akitikisika, na tangu hapo mhasibu wa ghorofa ya tatu, mama mtulivu kama maji ya mtungini, akawa anapiga hesabu kwa mkono mmoja na kupunga hewani kwa mwingine. Kamera ya mlangoni ilimtambua kila mtu isipokuwa meneja akivaa kofia. Meneja akaacha kofia.

Juu ya paa palikuwa na matangi mawili. La kushoto ndilo lililolisha jengo. La kulia lilikwisha kustaafu: bomba lake lilikatwa zamani, likabaki kukinga mvua na kulea mbu. Mafundi wa vihisi walipanda wakiwa wamevaa fulana zinazofanana, wakaona la kulia liko karibu na ngazi, wakatumbukiza humo kihisi cha kupima maji, wakashuka. Kuuliza si ujinga, lakini wao hawakutaka kubahatisha.

Kiganja alikwenda ofisini kwa meneja.

"Bosi, wameweka kihisi kwenye tangi bovu."

Meneja alimgeuzia skrini. "Soma hapa, mzee wangu. Asilimia tisini na sita."

"Hayo ni maji ya mvua. Twende juu ukaone."

"Nipande paa na skrini ninayo? Sikiliza. Alhamisi mwenye jengo anakuja. Wiki hii usiguse pampu, mfumo utaiwasha wenyewe ukiona haja. Tukifika siku hiyo bila mkono wako, nitamwambia kazi yako imekwisha."

"Na tusipofika?"

"Utabaki na pampu yako mpaka uzeeke."

"Hapo umechelewa, bosi."

Nyumbani mkewe hakucheka. "Baba watoto, ungemburuta mpaka juu."

"Nimesema, hakusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Na guu lenyewe likiwa lako?"



Jumatatu mabomba ya ghorofa ya saba yalianza kukohoa. Mfumo, ukiwa umeshiba asilimia zake, haukuona haja yoyote. Jumatano wapangaji wa juu walilalamika kuwa maji yamekatika. Meneja akapiga picha ya skrini na kuibandika kwenye mlango wa choo.

"Hii tunanawia vipi?" mshonaji wa ghorofa ya sita aliuliza.

"Ni mabomba yenu. Hayajauzoea mfumo," alijibiwa.

Kiganja alitia mikono mifukoni akatazama pembeni. Kidole kimoja tu kwenye pampu, maji yangetoka, mfumo ungesifiwa, naye angekuwa amejifukuza mwenyewe.

Alhamisi mwenye jengo alifika, bibi mfupi mwenye viatu vyenye vumbi. Meneja alimsimamisha mbele ya skrini karibu saa nzima.

"Vizuri, mwanangu," bibi alisema hatimaye. "Nimetoka safari, nataka kunawa. Maji yapo?"

"Tele, mama. Ghorofa yoyote utakayo."

"Basi juu kabisa, nione na mandhari."

Wakapanda lifti. Kiganja alipanda ngazi, akiwapita wapangaji waliojipanga kwenye korido kama watu wanaosubiri bibi harusi. Mlango wa choo ulikuwa wazi. Bibi alikunja mikono ya gauni, akachukua sabuni ya maji, akaanza kujisugua kama walivyofundishwa watu wa umri wake, sabuni kwanza, povu likimpanda mpaka kwenye viwiko. Meneja alisimama nyuma yake akitabasamu, kitambaa mkononi. Ndipo bibi akanyoosha kiwiko kuelekea bombani, na korido nzima ikanyoosha shingo.