Kigelegele Changu Kwenye Fidla ya Papa Ewan

Jamani, nitawaambia, lakini mcheke nikishamaliza, maana kuna mwaka mzima nilikuwa napanda ngazi za kwetu kwa kunyata, nisikutane na jirani yangu uso kwa uso.

Jirani mwenyewe ni papa Ewan, mzee wa Kiskoti, mpiga fidla aliyefiwa na mkewe, anayekaa juu yetu hapa Evere, ughaibuni. Alikuwa anarekodi albamu yake ya kwanza, nyimbo za mababu zake, fidla tupu, bila gitaa, bila hata mtu wa kuitikia (mimi niliyekulia kwenye kwaya za Lubumbashi nilimwonea huruma). Wimbo wa mwisho ndio marehemu mkewe aliupenda, na kwa vile vidole vilishaanza kukakamaa, aliweza kuupiga sawasawa mara moja tu kwa siku. Akanialika mimi na mdogo wangu Odette kwenye kanisa dogo la kurekodia, akatuomba kitu kimoja, kimya.

Bon, kimya nilikiweza. Kosa langu lilikuwa kuchagua benchi la mbele, ili mzee akiinua macho aone ana watu. Alipoanza ule wa mkewe machozi yakamshuka, na wageni wengine wote wamekaa kama wanasubiri zamu benki, na kwetu mtu akilia mbele yako ukamnyamazia umemtupa, basi nikasema taratibu, "Eeh, papa."

Odette akanivuta sketi mimi dada yake. "Yaya, nyamaza, beko banarekodi."

"Muzee eko analia peke yake," nikamjibu, nadhani nilinong'ona.

Ndipo wimbo ukapanda, nami nikapanda nao. Kigelegele kikanitoka, kirefu, cha harusini kabisa, kikazunguka kanisa zima. Nikaruka kusimama ili niombe radhi, nikaangusha maikrofoni moja na mguu wake wa chuma. Papa Ewan akaendelea mpaka mwisho bila kufumbua macho, kisha akautazama mkono wake.

"Alors, tunarudia?" fundi wa kurekodi akauliza.

Alijaribu. Vidole vilikataa, na kanisa lilikuwa limekodiwa siku hiyo moja tu.

Albamu ikatoka bila ule wimbo. Niliumia sana, nikapika pondu, kisamvu chetu, ya kumpelekea, nikashindwa kupanda nayo, tukaila wenyewe. Siku moja akanikamata mlangoni, nikamwambia, "Papa, nilikuharibia wimbo wa maman, marehemu mkeo."

"Ule nimebaki nao nyumbani," akasema, akapanda zake.

Sikumwelewa mpaka Jumapili iliyofuata, madirisha yakiwa wazi. Sasa nimeapa sikanyagi tena mahali wanaporekodi, hata ubatizo wa mtoto wenye kamera nasimama nje. Lakini kila Jumapili naisikia ile rekodi huko juu, fidla inapanda, halafu mwanamke mmoja asiye na adabu anapasua hewa, na chuma kinaanguka. Nafunga dirisha kwa aibu. Kisha nalifungua tena, kwa sababu baada ya kelele zangu, nisikilizavyo mimi, mzee anapiga vizuri kuliko mwanzo.