Bakuli Lenye Tundu

Juzi niliona vijana kule Bigwa wakipitisha mashine ya kutafutia vyuma kwenye makaburi ya zamani, nikakumbuka sumaku yangu.

Nilipokuwa mtoto, wanunuzi wa skrepa, vyuma chakavu, walikuwa wameanza kuja mtaani, basi nikang'oa sumaku kwenye redio mbovu, nikaifunga kamba, nikaiburuta makaburini. Udongo ulinukia mvua. Sumaku ikalia ta! kwenye bakuli la bati lenye tundu katikati. Kwa tundu lile, nikajua limetupwa, nikalikimbiza nyumbani.

"Bibi, shikamoo! Nimeokota mali!"

Bibi alipitisha kidole kwenye tundu. "La marehemu mama yangu hili. Nililitoboa mwenyewe nikamwekea kaburini, mwizi asilitamani."

"Mbona mimi nimelitamani?"

"Basi mwizi ana afadhali, mume wangu."

Nilicheka peke yangu. Juzi nilitaka kuwafokea wale vijana, nikakumbuka bakuli, nikapita zangu.