Siku Nilipoingiza Kichwa Kwenye Jukiboksi la Mama Kulwa

Sipendi kuisimulia hii, lakini kwa kuwa watu wa mtaa wa Shanwe hapa Mpanda wameshaisimulia na kuitia chumvi mpaka eti nilizimia, bora mnisikie mwenyewe: sikuzimia, nilipiga yowe tu, na niliyemwita ni mama yangu mzazi, ambaye saa hizo alikuwa Kabungu anapalilia mahindi.

Mimi ni fundi redio. Darasa la saba, kisha miaka miwili ya kumshikia tochi fundi mwingine, kisha meza yangu chini ya turubai. Ndoto yangu ilikuwa fremu, yaani chumba cha duka chenye mlango na bango la jina langu, na Mama Kulwa mwenye baa kule Nsemulwa alikuwa nayo moja tupu ubavuni mwa baa. Akaniambia nikilifufua jukiboksi la marehemu baba yake (kabati kubwa lenye mataa, unabonyeza kitufe linachagua santuri lenyewe na kuipiga) kabla wakwe hawajaleta posa Jumapili, fremu ni yangu. Alitaka binti yake aposwe kwa nyimbo za babu yake.

Ugonjwa ulikuwa mmoja: santuri inazunguka, sindano inakaa vizuri, ila sauti inatoka nyembamba kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Mama Kulwa akaanza kunieleza jinsi baba yake alivyokuwa akilitumia, nami nikamnyooshea kiganja, nikamwambia mama wewe pumzika, hii kazi ni ya kitaalamu. (Sisi mafundi wa Mpanda ndivyo tulivyo, mteja akieleza sana tunaona anatudharau.) Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Jumamosi nzima nikasafisha sindano kwa spiriti, mbu. Nikabadilisha waya, mbu. Nikachomoa zile taa za kioo za ampulifaya moja moja, nikazipuliza, nikazirudisha huku nikijikuna kidevu kama daktari bingwa, mbu yule yule. Jumapili mchana nikaleta sabufa yangu, nikaiunganisha kwa nyuma, nikaifungulia mpaka mwisho, sasa nikawa na mbu wawili.

Wakwe wakafika, wajomba wanne wa bwana harusi, Wasukuma wenye heshima zao, wakaketi safu moja na fimbo mapajani. Mtu mwenye akili angeaga. Mimi nikawahutubia, kwamba mafundi wa mashine kama hii nchi nzima wanahesabika, kisha nikafungua mlango wa chini, nikapiga magoti, nikazamisha kichwa na mabega ili niisikilize spika kwa karibu, huku nikiwaelekezea wakwe wa watu makalio, tena ndani ya suruali ambayo (nakiri) ilikuwa ya fasheni ya kushuka.

Mama Kulwa akaenda kaunta kuwachukulia wageni soda. Kumbe chini ya ile kaunta kuna swichi ya kuzungusha, ndiyo ya sauti, baba yake aliifunga huko ili walevi wasijiongezee wenyewe. Akaizungusha.

Jamani. Gitaa na tarumbeta vikanipasukia usoni, sabufa ikanguruma mgongoni, nikaruka, kisogo kikagonga chuma, suruali ikateremka zaidi, ndipo nikamwita mama. Nilipojichomoa, utando wa buibui kwenye nyusi, wajomba walikuwa wamesimama wanacheza, na Mama Kulwa analia na kucheka kwa pamoja.

Mjomba mkubwa akaninyooshea fimbo. "Huyu kijana ndiye fundi?"

Mama Kulwa akanitazama kuanzia nyusi mpaka mkanda. "Hapana, mkwe wangu. Huyu alikuja kufuta vumbi."

Baadaye aliniletea sahani ya pilau nyuma ya baa, akaniambia taratibu, "Mwanangu Deo, nilikuwa nakwambia habari ya swichi tangu jana. Ukanipa kiganja." Pilau ile niliimeza kama vidonge. Fremu siku hizi ni saluni, na nikipita wanawake mle ndani wanacheka, na sina haja ya kuuliza wanacheka nini.

Nikaapa kwamba sishiki bisibisi kabla sijamsikiliza mwenye mali. Juzi mzee mmoja kaniletea redio yake haitoi sauti, nikaweka mikono mezani, nikamuuliza kwa adabu zote, baba, hii huwa inaongezewa sauti wapi? Akaikumbatia redio yake, akavuka barabara kumtafuta fundi anayejua.